Upinde na Mbuzi Mawe: Matayarisho ya Uwindaji katika Milima ya Eyasi

Katika Kiswahili yuko mnyama aitwaye mbuzi mawe, na jina lake ni kweli nusu. Mawe ndiyo makazi yake, hilo halina shaka. Lakini mbuzi si mbuzi. Wataalamu wa wanyama humweka katika jamii ya paa na swala. Mbuzi mwitu wa kweli katika bara letu huonekana mbali nasi, katika milima ya Simien nchini Ethiopia na katika milima mikavu inayopakana na Bahari ya Shamu. Tanzania haina hata mmoja. Hata hivyo hatuna sababu ya kuwalaumu wazee waliompa jina hilo. Wao walitazama mwendo wa mnyama, wala hawakutazama meno na pembe zake, na kwa mwendo hakika ni mbuzi, tena ni mbuzi awashindaye mbuzi wote wa mazizini.

Mnyama huyu ni mdogo. Kimo chake begani ni kama nusu mita, na uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 18. Husimama juu ya ncha za kwato zake, hata miguu yote minne ikaweza kukusanyika juu ya jiwe ambalo mtu hawezi kulikanyaga kwa wayo mmoja. Nywele zake ni nene, zina uwazi ndani, na humkinga asiumie anapojigonga mawe. Wakoloni waligundua sifa hiyo na wakazitumia kujazia matandiko ya farasi wao. Huishi dume na jike pamoja. Mmoja akila majani, mwenziwe aghalabu husimama juu ya jabali akilinda, na akiona hatari hupiga mbinja kali, wote wawili wakatokomea magengeni.

Mwenye bunduki aweza kumpiga mnyama wa namna hii kutoka ng'ambo ya korongo. Mwenye upinde hapana budi amkaribie, tena amkaribie mahali ambapo kila kokoto ikiviringika hutoa habari. Hana nafasi ya kurudia kosa. Kwa hiyo, ukimtazama mwindaji wa upinde siku anapopanda mlima, umeona sehemu ndogo tu ya kazi yake. Sehemu kubwa imekwisha kufanyika chini, kambini, kando ya moto, kwa siku nyingi na kwa mikono yenye subira. Sehemu hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza, kwa kuwa waandishi wengi wa zamani waliipita bila kuitazama.

Mfano wetu ni Wahadzabe. Watu hawa, ambao idadi yao ni kama elfu moja na kidogo, wanakaa kulizunguka Ziwa Eyasi, katika bonde la Yaeda, pande za Mang'ola, na katika vilima vya mawe vilivyoko baina ya sehemu hizo. Majirani zao waliwaita Watindiga. Jina Wahadzabe lenyewe limebeba wingi mara mbili, kwani kiishio cha lugha yao tayari kinaonyesha watu wengi, kisha Kiswahili kikaongeza wa- yake. Lakini jina limekwisha kuzoeleka. Lugha yao ina sauti za kudoa ulimi, na wanaisimu hadi leo hawajaweza kuihusisha kwa hakika na lugha nyingine yoyote duniani. Wanawake huchimba mizizi na kuchuma matunda, chakula ambacho hakikosekani kama nyama inavyokosekana. Wanaume huwinda na kurina asali. Mbuzi mawe ni mmoja tu katika wanyama wao wengi, pamoja na pimbi, digidigi, swala pala, pundamilia na hata twiga.

Kazi huanza kwa upinde. Mti unaofaa huchaguliwa ungali umesimama: uwe na unyofu, usiwe na vifundo, na unene wake ulingane na nguvu za mkono wa mwenyewe. Gome hubambuliwa, mti ukachongwa kwa kisu, ukapashwa moto na kupindwa kidogo kidogo, kisha ukapakwa mafuta ya mnyama ili usikauke ukapasuka. Upote wa asili ni ukano wa mnyama uliosokotwa. Siku hizi wengi hutumia kamba za nailoni, wala hatuoni ubaya wake, maana fundi siku zote huchukua kilicho bora. Upinde uliokamilika ni mgumu kuuvuta. Watafiti waliopima pinde hizo walikuta kwamba kwa wastani zahitaji nguvu ya kilo 30 na zaidi, na mgeni mwenye kifua kipana aweza kujaribu akashindwa, huku mzee mwembamba akiuvuta kwa utulivu.

Lakini upinde, pamoja na ugumu wake, ni rahisi ukiulinganisha na mshale. Upinde mmoja hutumika kwa miezi. Mishale huvunjika, hupotea, hugawiwa na hutengenezwa upya bila kikomo. Ukifika katika kambi ya Wahadzabe wakati wa joto la mchana, utawaona wanaume kivulini, na mgeni mwepesi wa kuhukumu husema kwamba wanapumzika. Mmoja anapasha wano moto na kulinyosha kwa meno, akifumba jicho moja ili aone kama bado limepinda. Mwingine anapasua unyoya wa kanga au wa tumbusi na kuufunga kwa ukano uliolowanishwa mdomoni, ili mshale usiyumbe hewani. Wa tatu ameketi mbele ya jiwe, anagonga msumari juu yake bila kuutia moto, mpaka ubapae uwe chembe yenye makali pande zote mbili. Mazungumzo yanaendelea. Hapo mafunzo yanatolewa pia, ingawa hakuna anayesimama mbele ya wenziwe kufundisha.

Mishale si ya aina moja. Iko yenye ncha ya mti mtupu, ya kupigia ndege na wanyama wadogo. Iko yenye chembe ya chuma isiyo na sumu. Kisha iko yenye sumu, ambayo ndiyo ya wanyama wakubwa. Kabla ya kupanda majabali, mwindaji hana budi kupima. Mbuzi mawe ni mdogo; chembe kali yaweza kumtosha. Lakini mwindaji hajui atakutana na nini njiani, na mara nyingi huchukua mishale michache ya kila namna. Waswahili wana neno podo, mfuko wa mishale. Mhadzabe aghalabu hatumii podo, bali huishika mishale pamoja na upinde katika mkono mmoja, na hivyo uchaguzi wake unakuwa mbele ya macho yake wakati wote. Magengeni tena mshale uliokosa shabaha hugonga jiwe, na kazi ya siku nzima ikapotea kwa pigo moja. Hiyo ni sababu nyingine ya kutopiga mpaka ukaribie.

Sumu yastahili tuikalie kidogo. Wahadzabe wana mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza, waiitayo panjube, hutokana na utomvu wa mti mfupi wa nchi kavu wenye shina lililovimba kama mtungi na maua mazuri mekundu, mti ambao watu wa mijini huupanda bustanini kwa pambo. Ya pili, shanjo, hutokana na mbegu za mmea wa jamii ya Strophanthus. Sumu hupikwa mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, ikapakwa nyuma ya makali ya chembe, kisha chembe yote ikafungwa ukanda wa ngozi. Ukanda huo una kazi mbili: huizuia sumu isikauke, na humkinga mwenyewe asijikwaruze. Atakayeparamia mawe akiwa na mishale mkononi ataelewa mara moja kwa nini ukanda haufunguliwi mapema.

Sumu hizi hushambulia moyo. Mnyama aliyepigwa hukimbia, na mwindaji hamfukuzi, bali hungoja, kisha hufuata nyayo na damu. Nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa na kutupwa, na iliyobaki huliwa bila madhara. Ni nani aliyepima mambo hayo kwa mara ya kwanza, na kwa majaribio mangapi? Maabara ya watu hao ilikuwa poriani, lakini maabara ilikuwapo. Katika karne ya 19 John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza katika Unguja, alikuwa safarini pande za Zambezi pamoja na Livingstone. Sumu ya mishale ya huko, ya jamii hiyohiyo ya Strophanthus, ikagusa mswaki wake, naye akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Habari hiyo na mbegu zilizopelekwa Uingereza zilimwezesha Thomas Fraser wa Edinburgh kuichunguza sumu hiyo, na dawa ya moyo ikapatikana. Vitabu vya tiba vinawakumbuka Kirk na Fraser. Waliokuwa wameitambua nguvu ya mbegu hiyo kabla yao hawakuandikwa majina.

Matayarisho ya mwili na akili ndiyo marefu kuliko yote. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, naye hutembea nao kila siku akipiga vibuyu, panya na ndege. Akifikia ujana mkono wake umekwisha kukua pamoja na upinde. Pamoja na hayo hujifunza kuwasoma wanyama. Mbuzi mawe ana tezi mbele ya kila jicho, naye hupaka utomvu mweusi kwenye ncha za vijiti ili kuweka mipaka ya eneo lake. Hurudia kuweka kinyesi mahali palepale. Hutoka kula asubuhi na jioni, na jua likiwa kali hujibanza penye kivuli. Mwenye kuzijua alama hizi hapandi mlima kwa kubahatisha. Anajua ni jabali lipi lenye wenyewe, na upepo utakuwa ukitoka wapi saa atakapofika.

Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wa bahati uitwao lukuchuko, ambao hurusha vipande vya maganda ya mti na kutazama vilivyoangukia. Dau lake kubwa ni mishale yenye chembe za chuma, na kwa mchezo huo mishale husafiri kutoka kambi hadi kambi. James Woodburn, aliyeanza kuishi na kufanya utafiti kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza jambo moja ambalo sisi tunaliona ni la hekima kubwa: upinde, mishale ya ncha ya mti na mfuko wa ngozi haviwekwi rehani kamwe. Mtu aweza kushindwa hata akafilisika, lakini kesho yake bado ana kitu cha kumpatia chakula. Katiba ya namna hiyo haikuandikwa mahali popote.

Sasa turudi kwa wale waandishi wa zamani. Wageni wa Kijerumani waliofika Eyasi mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi waliowafuata, walipenda kuwaeleza Wahadzabe kama mabaki ya zama za mawe, watu waliosahauliwa na historia. Chembe za mishale zinawakanusha. Chuma hakichimbwi na Wahadzabe. Walikipata kwa kubadilishana asali, nyama na ngozi na majirani zao, Wadatoga, Waisanzu na Wairaqw. Kila chembe ni hati ya biashara hiyo. Ni kweli kwamba ardhi yao ina historia ndefu mno: katika pango la Mumba, karibu na ufuko wa Ziwa Eyasi, lililochimbwa na msafara wa Kohl-Larsen katika miaka ya 1930 na tena na wataalamu wengine baadaye, kuna zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 100,000. Lakini mtu anayegonga msumari wa dukani juu ya jiwe ni mtu wa leo, aishiye katika nchi moja nasi, mwenye haki zilezile.

Na nchi hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya matayarisho. Mti wa upinde hauoti mahali pamoja na mti wa sumu. Sumu nyingine hupatikana sehemu chache tu, na wa mbali huipata kwa kubadilishana. Manyoya yatoka kwingine, asali ya kununulia chuma kwingine, na mbuzi mawe yuko juu. Ukikata kipande kimoja cha eneo hilo, mshale haukamiliki. Mwaka 1964 ulianza mpango wa kuwahamishia Wahadzabe vijijini katika bonde la Yaeda ili walime na kusoma. Maradhi yakawaandama kwa kukusanyika pamoja, na wengi wakarudi porini. Tangu hapo mashamba yamepanuka, vitunguu vikastawi Mang'ola kwa maji ya chemchemi, na mifugo ikaongezeka katika malisho ya wanyamapori. Mwaka 2007 kampuni ya kigeni ilitaka kulishika bonde la Yaeda kwa ajili ya uwindaji wa wageni, ikapingwa na ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, hati yenye mipaka iliyochorwa ramanini, na vilima vya mawe wanamopanda mbuzi mawe vimo ndani ya mipaka hiyo.