Mnara na Mwanagenzi

Ukivuka hori la Kilifi kwenda kusini, ewe msomaji, utafika Mnarani. Katika magofu ya mji huo, uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, ungalipo mnara wa mawe juu ya kaburi. Leo mnara ni pia chuma kirefu kipelekacho sauti za watu. Nacho hakina budi kuwa na fundi, na kila fundi kwanza huwa mwanagenzi.

Mwaka 1879 waya wa simu, uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden, ulifika Unguja. Waya ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na ujuzi wake ulikuwa mikononi mwa wageni. Ndipo mwaka 1948 ilipoanzishwa shule ya posta na simu huko Mbagathi, Nairobi. Kwa kijana wa pwani ilikuwa safari ndefu, lakini mwanagenzi alijifunza kuunga nyaya, kupima umeme na kutafuta kasoro. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilipaswa kutunza simu zake kwa mafundi wake. Shule ile ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013.

Basi kumbuka: mnara wa mawe husimama wenyewe; mnara wa simu hausemi pasipo fundi aujuaye.