Nyaya tatu hadi mmoja: USB-C ilivyozaliwa na inavyotufikia Katonga

Mwaloni Katonga, upande wa Bangwe nje kidogo ya mji wa Kigoma, asubuhi ni ya mabeseni. Dagaa na migebuka wanashushwa kutoka kwenye mitumbwi iliyokesha ziwani, na kila beseni linataka kuandikwa: la nani, bei gani, nani kalipa na nani kakopa. Daftari bado ndilo linalotawala. Hata hivyo wapo waliokwisha kuihamishia hesabu hiyo kwenye kompyuta mpakato, na wapo vijana wa steshenari za kuchapa barua na kujaza fomu mtandaoni ambao hawana kazi nyingine ila hiyo. Macho yakichoka, mtu hutafuta monita ya kuweka pembeni. Dukani anaambiwa kwamba siku hizi waya mmoja unatosha: unapeleka picha kwenye monita, unarudisha umeme kwenye kompyuta, na kibodi na kipanya vinapitia humo humo.

Ni kweli. Ila ukweli huo ulitengenezwa kwa karibu miaka thelathini, na ndani ya historia hiyo ndimo ilimo sababu ya waya wa namna ileile kumfanyia kazi huyu na kumgomea yule.

Mwambao huu si mgeni wa nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 simu ya maandishi ya Cecil Rhodes, iliyokusudiwa kutoka Cape hadi Cairo, ilifika Ujiji na kuishia hapo. Ilibeba kitu kimoja tu, ujumbe. Nyaya za kompyuta nazo zilianza hivyo, kila mmoja na kazi yake.

Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta za PS/2, na pamoja nazo VGA: tundu la pini 15 lenye skrubu mbili pembeni, ambalo kila aliyewahi kufunga projekta shuleni au kwenye banda la mpira analijua kwa vidole. VGA ilibeba picha peke yake. Sauti, umeme na kipanya, kila kimoja kilitaka waya wake. Desemba 2010 Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza mpango wa kuiacha VGA ifikapo 2015. Huku kwetu haikuachwa, nami sioni aibu yoyote katika hilo: monita ya zamani ikiwa bado inawaka, ya nini kuitupa? Baadaye zilikuja DVI mwaka 1999, HDMI mwishoni mwa 2002 iliyounganisha picha na sauti, na DisplayPort mwaka 2006. Picha ilizidi kuwa safi, lakini chaja ilibaki na waya wake.

Upande wa pili wa historia ni USB. Ilitoka Januari 1996, na miongoni mwa waliosimama mbele ya kazi hiyo ni Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyezaliwa India. Kabla yake, nyuma ya kompyuta palikuwa na tundu la kipanya, la kibodi, la printa, la modemu, na mengi hayakukubali kichwa cha mwenzake. USB ikayakusanya. Kichwa chake cha kwanza, kile cha mstatili, hakikuweza kuchomekwa pande zote mbili. Bhatt ameeleza hadharani kwamba kukifanya kigeuke kungehitaji nyaya na sakiti maradufu, na gharama ingepanda wakati wanajaribu kuzishawishi kampuni zikubali kitu kipya. Uamuzi ule nauona ulikuwa sahihi. Kifaa cha bei nafuu ndicho kinachofika mbali, na USB ilifika hadi kwenye taa za sola vijijini.

Kasi iliongezeka: megabiti 480 kwa sekunde mwaka 2000, gigabiti 5 mwaka 2008. Mwaka 2012 ukawekwa utaratibu wa kupitisha umeme mkubwa, hadi wati 100, kiasi cha kutosha kompyuta. Agosti 2014 vipimo vya USB-C vikakamilika, na mwezi uliofuata VESA, chama kinachosimamia DisplayPort, kikatangaza namna ya kupitisha picha yake ndani ya tundu hilo hilo. Machi 2015 Apple ikaonyesha MacBook ya inchi 12 yenye tundu moja tu la USB-C, ukiacha la vipokea sauti. Watu wengi walilalamika. Miaka michache baadaye karibu kila mtengenezaji alikuwa na kompyuta inayochajiwa kwa tundu hilo.

Litazame kwa karibu. Upana wake ni milimita 8 na kitu, urefu wa kwenda juu hazifiki 3. Katikati kuna ulimi mwembamba wenye pini 24, 12 juu na 12 chini, zilizopangwa ili kichwa kikigeuzwa kila pini ikute inayofanana nayo. Ukichomeka, hakuna kinachokimbilia kufanya kazi. Pini mbili ndogo zinaanza kuulizana: kichwa kimekaa upande gani, nani anatoa umeme na nani anapokea? Monita inataja uwezo wake, volti 5, 9, 15 au 20, na kompyuta inachagua, kama mchuuzi na mnunuzi wanavyopatana juu ya beseni la dagaa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Wakikubaliana, njia nne za kasi zilizomo ndani zinagawanywa. Zote nne zinaweza kubeba picha, au mbili zikabeba picha na mbili data.

Mapatano hayo yana maana ya pekee katika mji kama wetu. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa, na kila mwenye ofisi anajua umeme unapokatika katikati ya kazi. Kompyuta mpakato ina betri yake. Monita ya kawaida haina, kwa hiyo inazimika. Lakini zipo monita nyembamba za kubeba ambazo hutumia wati 10 hivi tu, na hizo zinapokea picha na umeme kutoka kwa kompyuta yenyewe kupitia waya uleule. Umeme wa TANESCO ukiondoka, mwenye sola ndogo na kompyuta yenye betri nzuri anaendelea na skrini zake mbili.

Sasa tatizo. Umbo la tundu halisemi linachoweza. Nyaya nyingi za USB-C zinazouzwa sokoni, zile zinazokuja na simu, zina umeme na njia ya kasi ya mwaka 2000 tu. Njia nne za picha hazimo kabisa. Ukiuchomeka waya huo kwenye monita, kompyuta inaweza kuchaji vizuri huku skrini ikibaki nyeusi, na mtu akadhani monita ni mbovu. Matundu nayo yanatofautiana. Simu ya Galaxy S8 ya mwaka 2017 ilitoa picha kwa USB-C. Simu nyingi za bei ya chini zenye tundu la sura hiyohiyo hazitoi. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo kwa mafundi wetu ni ya kawaida katika mzigo wa mitumba, inatoa picha na inachajiwa kwa USB-C. Nyingine za miaka ya karibu na hapo zina tundu la data peke yake.

Nimekaa kwenye kibanda cha fundi mmoja, nikamwona akichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Alijaribu waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote weusi, wote bila maandishi hata moja. Wa nne, mfupi na mnene, ukawasha skrini. Aliufunga uzi mwekundu ili asiupoteze tena. Alama ile ilipaswa kuwekwa kiwandani.

Wenye USB wanalijua hilo. Mwaka 2022 taasisi inayosimamia viwango vyake ilirahisisha nembo, ili waya uandikwe wazi kasi yake na wati zake, 60 au 240. Umoja wa Ulaya nao uliamuru simu zitumie tundu hili kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia 28 Aprili 2026. Mitumba yetu mingi hutoka huko, kwa hiyo amri hiyo itafika mwaloni kwetu bila bunge letu kuipigia kura. Lakini amri ya tundu haiondoi nyaya zisizo na maandishi. Shirika la Viwango Tanzania lingewasaidia sana wanunuzi kama lingedai kila waya unaoingia nchini uandikwe unabeba nini.

Hadi hapo, mnunuzi wa Katonga, Mwanga au Ujiji ajilinde mwenyewe. Nenda dukani na kompyuta yako. Angalia kama pembeni ya tundu kuna alama ya radi au herufi D yenye P ndani yake, maana moja ya hizo ikiwepo, mara nyingi picha itatoka. Mwambie muuzaji achomeke waya kwenye monita mbele yako, na usitoe pesa kabla skrini haijawaka.