Milki ya Hadithi Iliyokwisha

Desturi ya kuipa sinema iliyopendwa mwendelezo si ya jana wala ya juzi. Mwaka 1933, baada ya King Kong kuwavuta watazamaji wa New York mwezi wa Machi, wenye kuitengeneza hawakungoja hata mwaka uishe, bali Desemba ileile walitoa The Son of Kong, sinema fupi iliyoundwa kwa haraka na kwa fedha kidogo, ambayo leo haikumbukwi ila na wachache. Miaka 41 baadaye The Godfather Part II ilithibitisha kinyume chake, ikawa mwendelezo wa kwanza kutwaa Oscar ya sinema bora. Kwa mifano ya namna hii watu wamezoea kuhukumu kwamba mwendelezo hufaulu kwa ustadi wa watunzi wake na huanguka kwa uvivu wao. Lakini mwenye kuifuatilia tarikhi ya Terminator, tangu 1984 hata 2019, ataona kuwa iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba hadithi huweza kufika mwisho wake ilhali hati ya kuimiliki ingali hai, na mwenye hati hana namna ya kupata faida ila kuifanya hadithi hiyo ianze tena.

James Cameron alipoitunga Terminator alikuwa kijana asiye na jina, na ili aruhusiwe kuiongoza mwenyewe alimuuzia haki zake mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola moja tu, kwa sharti kwamba haitatengenezwa bila yeye kuwa mwongozaji. Sinema ile, iliyogharimu takriban dola milioni 6.4, ilirudisha zaidi ya mara kumi ya gharama zake, ikamfanya Arnold Schwarzenegger, mtunisha misuli mzaliwa wa Austria, kuwa stelingi anayejulikana duniani kote, licha ya kuwa humo alicheza adui. Lakini sharti la Cameron lilikuwa la sinema moja, na hati iliyotoka mkononi mwake kwa dola moja haikumrudia sinema ilipofanikiwa. Kampuni ya Carolco, iliyoasisiwa na Mario Kassar na Andrew Vajna, ndiyo iliyokuja kuzinunua haki hizo mwaka 1990, baada ya Vajna kwisha kuondoka katika kampuni hiyo, na Cameron akarudi kazini akiwa mwongozaji wa kuajiriwa katika hadithi aliyoizaa mwenyewe.

Matunda yake yalikuwa Terminator 2: Judgment Day ya 1991, iliyogharimu takriban dola milioni 100, kiasi ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa ni cha kutisha, ikakusanya zaidi ya milioni 500 na kutwaa Oscar nne. Wengi huikumbuka kwa yule adui wa madini ya majimaji aliyechezwa na Robert Patrick, ambaye picha zake za kompyuta zilibadili kazi ya sinema. Lakini ubora wake wa ndani ni kwamba ilikuwa na neno la kusema, nalo ni kukana kadari. Mashujaa wake, Sarah Connor na mwanawe John, wanaiharibu kazi ya mashine kabla haijaanza, na Kiyama kilichotabiriwa kuangamiza wanadamu kinafutwa kwa juhudi ya binadamu. Cameron alipiga hata tamati iliyofunga kila mlango, ikimwonyesha Sarah mzee katika bustani ya amani, akimtazama mwanawe ambaye sasa ni mwanasiasa. Kisha akaiacha, akaweka badala yake barabara yenye giza inayokwenda mbele bila kuonyesha mwisho. Kwa sanaa ulikuwa uamuzi mzuri, lakini kwa wafanyabiashara ukawa ni mlango ulioachwa bila komeo.

Carolco ilifilisika mwaka 1995, na miaka miwili baadaye Kassar na Vajna, walioijua thamani ya mali ile kuliko wengine, wakazinunua haki upya. Tangu hapo milki ya Terminator ikawa kama shamba lililowekwa rehani mara nyingi, ambalo kila anayelipata hulazimika kulivuna upesi ili alipe deni alilolinunulia, wala hana muda wa kupanda. Terminator 3 ya 2003 iliongozwa na Jonathan Mostow, Cameron hakushiriki, na Schwarzenegger, aliyechaguliwa gavana wa California miezi michache baada ya sinema kutoka, alilipwa takriban dola milioni 30. Haikuwa kazi mbovu, ila ili iwepo ilibidi itangue kile ambacho sinema ya pili ilikithibitisha: Kiyama, tunaambiwa, kiliahirishwa tu, wala hakiepukiki. Kadari iliyokanwa mwaka 1991 ikarudishwa, kwa kuwa pasipo kadari hapakuwa na biashara.

Haki zikahamia kwa kampuni ya Halcyon, iliyotengeneza Terminator Salvation ya 2009 kwa takriban dola milioni 200 na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka uleule. Mwaka 2010 zikauzwa kwa dola milioni 29.5 kwa Pacificor, mfuko wa uwekezaji uliokuwa umeikopesha Halcyon. Na mwaka uliofuata zikapita kwa Megan Ellison, ambaye ndugu yake David ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Skydance. Katika mikono hiyo ndimo ilimozaliwa Terminator Genisys ya 2015, ambayo ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Waliitengeneza kwa dola milioni 155, wakarudia matukio ya 1984 kwa kumchora Schwarzenegger kijana kwa kompyuta, wakaeleza kuwa ngozi ya mashine nayo huzeeka ili mzee yule apate nafasi, na wakamgeuza John Connor, aliyekuwa tumaini la wanadamu, kuwa adui, siri ambayo matangazo ya sinema yenyewe yaliifichua kabla watu hawajakata tiketi. Cameron aliisifu hadharani kabla haijatoka, lakini sifa zake hazikuwavuta Wamarekani, ambao walitoa takriban milioni 89 tu. China ilitoa milioni 113, na kati ya hizo sehemu ya wageni, kwa kanuni ya huko, ni asilimia 25. Sinema mbili zilizokwisha kupangiwa tarehe, za 2017 na 2018, ziliondolewa katika ratiba.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 humruhusu mtunzi aliyeuza haki zake kuzidai tena baada ya miaka 35, na mwaka 2019, muda huo ulipokuwa unatimia, Cameron mwenyewe alirudi akiwa mtayarishaji wa Terminator: Dark Fate, pamoja na Linda Hamilton, Sarah Connor wa asili. Sinema hiyo ilizipuuza zote zilizokuja baada ya ya pili. Lakini nayo, ili ianze, ilimuua John Connor katika dakika zake za mwanzo, ikaleta mashine nyingine na Kiyama kingine chenye jina jipya. Ilikusanya takriban milioni 261 dhidi ya gharama zilizozidi milioni 180, na kwa kuwa majumba ya sinema huchukua karibu nusu ya mapato ya milangoni, hasara ilikuwa kubwa.

Jambo hilo ndilo linalotuonya tusiwalaumu wanunuzi peke yao. Hata baba wa hadithi alipoishika tena hakupata njia nyingine, kwa sababu ushindi wa 1991 ulikuwa ni ushindi kamili, na kila atakaye kuendelea baada yake hana budi kwanza kuuvunja. Mtazamaji aliyeshangilia ushindi ule akavunjiwa katika sinema ya tatu, ya tano na ya sita, hana haja ya kujua habari za mnada wala za rehani. Hukataa tu kununua tiketi, na kwa kukataa huko huwajulisha wenye hati kwamba walichonunua ni jina, na kwamba hadithi haikuwamo katika bei.