Malimau ya Aprili

Mlimau wetu wa uani, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, una miaka sita na haujazaa hata limau moja. Bibi ameutisha kwa panga mara mbili, ati mti ukiogopa huzaa. Mimi nashuku maji: tunaumwagilia ya kisima, na visima vya huku vina chumvi. Mlimau na chumvi havielewani kabisa.

Linaloniuma ni kwamba malimau yaliwahi kujaa mji huu. Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari. Miezi michache nyuma mabaharia wake walishikwa na kiseyeye, fizi zikavimba hadi kufunika meno. Mfalme wa Mvita akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa safari ile akaandika kwamba wagonjwa wote walipona hapa, maana hewa ya mji ni nzuri. Hewa! Limau likanyimwa sifa yake siku ile; mwaka 1747 daktari James Lind akaja kulijaribu kwa mabaharia wa Uingereza.

Na waliopona walirudi wenzao. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauchoma mji. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome.

Nilipomsimulia, Bibi alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa mti una kosa gani?" Panga limerudi jikoni. Masika yameanza, nami nimetega mapipa mawili chini ya paa.