Siri ya Muislamu: Kutoka Muhuri wa Barua hadi Simu ya Mkononi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Siku hizi kesi nyingi za ndoa huletwa kwa maimamu zikiwa na ushahidi wa simu. Mume amefungua simu ya mkewe, au mke ya mumewe, amesoma ujumbe, kisha anamtaka Imamu naye ausome atoe hukumu. Upande wa pili, Waislamu hao hao wanalalamika kuwa serikali inawasikiliza. Watu huyaona haya kuwa mambo mawili mbalimbali. Katika fiqhi asili yake ni moja, nayo ni tajassus, yaani kupeleleza kilichofichwa.

ASILI YA KATAZO

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amekataza kwanza dhana, kisha upelelezi, kisha kusengenya. Zingatieni mpango huu: dhana ndiyo inayozaa upelelezi, na kilichopatikana kwa upelelezi ndicho kinachopelekwa barazani. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba za wengine mpaka tupige hodi na kutoa salamu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali mtu aliyechungulia nyumbani kwake kupitia tundu, akabainisha kuwa hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Basi aliyechungulia bila kuingia amekwishavunja hodi.

Ama barua, Abu Daud amepokea hadithi yenye onyo kali kwa anayetazama barua ya nduguye bila idhini, na mwenyewe Abu Daud ameeleza kuwa isnadi yake ni dhaifu. Lakini maana yake inaungwa mkono na aya na hadithi sahihi tulizozitaja.

MUHURI NA BARIDI

Wanahistoria wanasimulia kuwa Muawiya (R.A.), aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 60 Hijria, alimwandikia Amr bin Zubeir barua apewe dirham 100,000 kwa liwali wa Iraq. Amr akaifungua njiani, akaigeuza ikawa 200,000. Hapo ndipo ilipoanzishwa Diwani ya Muhuri, barua za dola zikawa zinafungwa na kupigwa lakiri.

Muawiya huyo huyo anatajwa kuwa ndiye aliyeweka baridi, yaani posta ya farasi. Katika zama za Bani Abbas, mkuu wa baridi katika kila jimbo alikuwa pia mpasha habari wa Khalifa. Tabari anaeleza kuwa Abu Jaafar Al-Mansur (136 hadi 158 Hijria) alikuwa akiletewa habari za bei za nafaka, hukumu za makadhi na mapato ya hazina. Katika hayo mna maslahi ya raia, kwani mtawala humjua liwali dhalimu. Lakini aliyebeba barua za dola ndiye pia aliyepeleka habari za watu.

Na ajabu ni kuwa Muawiya ndiye aliyepokea kwa Mtume (S.A.W.) onyo, lililomo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba mwenye kufuatilia aibu za watu atawaharibu.

KISA CHA SAYYIDNA UMAR

Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) ametaja katika Ihya kisa mashuhuri, ijapokuwa isnadi yake imezungumzwa na wataalamu wa hadithi. Sayyidna Umar (R.A.) aliruka ukuta wa nyumba, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akasema kuwa yeye amemuasi Mola katika jambo moja, na Umar katika matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha kwa sharti atubie.

Leo husemwa kuwa asiye na kosa hana la kuogopa. Basi mtu wa kisa hiki alikuwa na kosa, na lilionekana kwa macho, na bado Amirul Muuminina alirudi nyuma. Sitara ni haki hata ya mwenye dhambi.

MIPAKA YA MTAWALA

Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) ameeleza katika Al-Ahkam As-Sultaniyya kuwa muhtasibu hana ruhusa ya kupeleleza maovu yasiyodhihiri. Ametoa nafasi moja: mtu mwaminifu akileta habari ya jambo ambalo likipita haliwezi kurekebishwa, kama vile mtu kupelekwa faraghani akauawe. Lililo chini ya hapo haliruhusiwi. Kwa hiyo mtawala anayemfuatilia muuaji kwa habari ya kuaminika ana dalili. Anayekusanya habari za watu wote ili atafute mkosa, hana.

SIMU

Simu humjulisha mwenye mtambo nani kampigia nani, saa ngapi, na kupitia mnara upi. Mwaka 2014 iliandikwa, kutokana na nyaraka alizozitoa Edward Snowden, kuwa Marekani ilikuwa ikikusanya taarifa za namna hiyo nchini Kenya. Novemba 2020 ilifichuliwa kuwa programu ya Muslim Pro, ambayo mamilioni huitumia kujua nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali alipo mtumiaji kwa kampuni ya X-Mode, na miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano huo.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, na ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, zinalinda faragha ya mawasiliano. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Waislamu wazijue na wadai haki yao kwa njia halali.

Lakini tutamkataza vipi mtawala jambo tunalolifanya chumbani? Imamu akiletewa simu iliyofunguliwa kwa siri, airudishe bila kuisoma. Awakumbushe wanandoa aya ya Hujurat, kisha awarejeshe kwenye Suratun Nisaa, aya ya 35: hakamu kutoka kwa jamaa wa mume, na hakamu kutoka kwa jamaa wa mke. Ugomvi upatanishwe kwa yaliyo dhahiri na kwa wanayoyasema wenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera. Wallahu A'lam.