Garand: Jina Lisilochongwa kwenye Chuma

Bunduki iliyobebwa na askari wa miguu wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili haikuwa na jina la mtu kwenye hati za jeshi. Ilipopitishwa rasmi Januari 1936 iliandikwa M1, na maneno yaliyochongwa nyuma ya tundu la kulengea shabaha yanataja nchi, modeli, kipenyo cha inchi 0.30, kiwanda na namba ya bunduki. Basi. Hata hivyo dunia inaijua kwa jina la Garand, nami nashikilia kwamba jina hilo lilistahili, tena kwa sababu isiyo ya kawaida katika historia ya silaha. Colt, Mauser na Winchester ni majina ya wenye mali, watu waliouza walichokimiliki. John Garand, aliyezaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1888, alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Aliingia kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, mwaka 1919, akaikabidhi serikali haki za ubunifu wake, na hakupata fungu lolote kutokana na bunduki zaidi ya milioni 5 zilizotengenezwa. Mswada wa kumpa dola 100,000 ulipelekwa bungeni, haukupita.

Wapo watakaosema kwamba bunduki ya jeshi ni kazi ya wengi, na kumpa mtu mmoja jina lake ni kuwadhulumu wengine. Pingamizi hili lina uzito. Garand aliiunda kwanza kwa risasi ndogo za inchi 0.276, kumi kwa mkupuo. Mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur akaamuru zitumike zile za 0.30 ambazo jeshi lilikuwa nazo tele, na bunduki ikabaki na nafasi ya risasi 8. Wakati wa vita, wanawake wengi walisimama kwenye mashine za Springfield, nao hawatajwi popote kwenye chuma. Lakini ukiichunguza silaha yenyewe unakutana na mkono wa fundi mmoja. Askari hushindilia klipu ya chuma yenye risasi 8 kutoka juu kwa kidole gumba, na asipokiondoa upesi, bolti humbana. Gesi ya kila risasi huisukuma bolti nyuma ili risasi nyingine iingie. Ya nane ikishatoka, klipu tupu huruka nje kwa mlio mkali wa chuma. Garand hakuishia kwenye mchoro wa mitambo hiyo. Alibuni pia mashine na vifaa vya kuitengeneza kwa wingi, kazi ambayo wavumbuzi wengi huwaachia wengine.

Pingamizi la pili ni la Kalashnikov, mtumishi mwingine wa dola ambaye bunduki ilipewa jina lake. Tofauti ipo wazi: Umoja wa Kisovieti wenyewe uliyaandika majina ya Tokarev, Simonov na Kalashnikov katika majina rasmi ya silaha zake. Marekani iliandika namba, tena namba iliyogawiwa ovyo, kwani kofia ya chuma iliitwa M1 na bunduki fupi ya 1941 nayo ikaitwa M1. Waingereza walichagua njia ya kati: Lee-Enfield, waliyoibeba pia askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Afrika Mashariki, inamtaja mbunifu James Lee pamoja na kiwanda cha Enfield.

Atakayedai kwamba Garand limedumu kwa sababu tu watu walihitaji kuitofautisha M1 moja na nyingine, na aitazame M14 iliyopitishwa mwaka 1957. Ilirithi sehemu kubwa ya mitambo ya Garand, lakini ilipita mikononi mwa wabunifu kadhaa na majaribio ya miaka mingi, na hadi leo inaitwa M14 tu.