Elmi ya Urithi: kuugeuza mti wa familia kuwa bonsai

Elmi ya urithi, katika ufundi wa bonsai, ni elmi iliyopandwa na mzazi au babu, ambayo mrithi huing'oa, kuikata ikawa fupi na kuilea upya ndani ya chungu kipana kisicho na kina. Elmi ni miti ya jenasi Ulmus. Asili yake ni Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Afrika Mashariki haina elmi yake ya asili. Jina bonsai ni la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa kwenye sinia, lakini chimbuko la ufundi ni China. Huko, kaburi la mwanamfalme Li Xian, lililojengwa mwaka 706, lina mchoro wa ukutani wa mtumishi aliyebeba sinia lenye mawe na mimea midogo.

Anayerithi elmi iliyoipita paa la nyumba huona kwamba amerithi kimo. Kimo hicho chote kitaondoka. Kitakachobaki ni sehemu fupi ya shina juu ya ardhi: unene wake, gome lake, na jinsi mizizi inavyotambaa kutoka shinani, jambo ambalo Wajapani huliita nebari. Hayo matatu ndiyo mali ya kweli, kwa sababu mti hunenepa ukiwa ardhini na karibu huacha kunenepa ukishaingia chunguni. Chipukizi lililonunuliwa leo haliwezi kuifikia kazi ya babu aliyepanda miaka thelathini iliyopita.

Elmi ya Kichina (Ulmus parvifolia) ndiyo rahisi kuliko zote. Majani yake yana urefu wa sentimita 2 hadi 5 tu, na hustahimili sana ugonjwa hatari uitwao ugonjwa wa elmi. Elmi ya Kiingereza (Ulmus procera) ina majani makubwa zaidi, lakini historia yake ni ya kushangaza. Mbegu zake ni nadra kuota; huenea kwa machipukizi yanayotoka mizizini. Mwaka 2004 watafiti wa Hispania walichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa vinasaba kwamba elmi hizo ni nakala za mti mmoja, elmi ya Atinia, ambayo Warumi waliitumia kuegemeza mizabibu na ambayo Columella aliiandika katika vitabu vyake vya kilimo katika karne ya 1. Mti huo umekuwa ukirithishwa kwa mizizi kwa takriban miaka 2,000.

Ugonjwa wa elmi husababishwa na kuvu, hasa Ophiostoma novo-ulmi, anayebebwa na mbawakawa wa gome. Mlipuko ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 uliua elmi zaidi ya milioni 25 nchini Uingereza. Mbawakawa hao huruka juu na hupendelea miti mikubwa, ndiyo maana elmi zilizokatwakatwa kama ua wa shamba bado zinaishi huko. Bonsai nayo hunufaika na udogo wake. Hata hivyo, kabla ya kung'oa, mrithi achunguze: majani yanayonyauka na kugeuka manjano mapema kiangazini, na mistari myeusi chini ya gome la vitawi, ni dalili kwamba mti umeshaambukizwa.

Kazi huanza mwaka mmoja kabla. Mtaro huchimbwa kuzunguka shina na mizizi minene hukatwa, ili mizizi myembamba iote karibu na shina. Mwaka unaofuata, mwishoni mwa majira ya baridi, wakati macho ya matawi hayajaanza kuvimba, mti hung'olewa na shina hukatwa. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba kimo cha mwisho kiwe mara sita ya unene wa shina chini: shina la sentimita 10 hutoa bonsai ya sentimita 60. Mkato wa kwanza hufanywa chini zaidi, kwenye sentimita 20 hivi, ili sehemu ya juu ijengwe kwa vipande vinavyozidi kuwa vyembamba. Wanaoanza huogopa mkato huu na kuacha shina refu, kisha hupata nguzo yenye vijani kileleni. Elmi haihitaji kuonewa huruma hapo. Huchipua hata kwenye gome kuukuu.

Kabla ya kuingia chunguni, mti huwekwa kwenye sanduku la mbao lenye changarawe ya volkano inayopitisha maji upesi, na mwaka wa kwanza hauguswi. Machipukizi hutokea kama taji kuzunguka mkato. Yakiachwa yote mahali pamoja kwa muda mrefu, shina huvimba fundo lisilopendeza, kwa hiyo mwaka wa pili huchaguliwa moja la kuendeleza shina, na kisiki hukatwa kwa mshazari kulielekea. Waya wa kukunja vitawi hufaa vikiwa vichanga, ila uangaliwe kila wiki: vitawi vya elmi hunenepa haraka na alama za waya hudumu miaka.

Mafundi wa Lingnan, kusini mwa China, huutegemea mkasi kuliko waya. Huacha kitawi kikue kirefu hadi kinenepe, hukikata kwenye jicho linalotazama upande wanaoutaka, kisha hurudia, na matawi hupata pembe kali kama ya mti uliopigwa na upepo. Wu Yee-sun, mwenye benki wa Hong Kong, aliupokea ufundi huu kwa babu yake na baba yake, na katika miaka ya 1980 alitoa miti yake kwa bustani za Montreal na Washington. Kwa shina nene la urithi, njia ya Lingnan ndiyo bora, kwa sababu huacha ukubwa wa mti uonekane.

Vipande vya mizizi vilivyokatwa siku ya kung'oa visitupwe. Kipande chenye unene wa kidole, kikipandwa wima huku ncha iliyokuwa upande wa shina ikichungulia juu ya udongo, huchipua baada ya wiki chache. Kila kimoja ni mti uleule wa babu, na kila ndugu anaweza kupata wake hata kama nyumba na ua wake vimeuzwa.